Mtihani wetu wa wachangiaji wapya ulikuwa unapima kitu kingine kabisa (uzi mrefu, leteni chai)

Kufuli_Tatu, Arua

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo linalonikera tangu Desemba, na kwa kuwa humu tuko wengi tunaolea programu huria kwa jasho letu bila mshahara, acha nilimwage.

Wanaonijua wanajua ninalea programu ndogo ya simu kwa ajili ya vikundi vya kuweka na kukopa. Kila mkutano katibu anaingiza hisa za kila mwanachama, mikopo, faini na mfuko wa jamii, na mwisho wa mwaka programu inapiga hesabu ya mgao. Haihitaji intaneti, inakwenda hata kwenye simu iliyopasuka kioo. Kikundi cha kwanza kuitumia ni cha mama yangu, hapa hapa Arua. Mpaka leo anadai programu inamtoza faini za kuchelewa kwa chuki. Huwa namwambia alipe mkopo kwa wakati.

Msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu, uko wazi, yeyote aje. Hapo kwenye "yeyote aje" ndipo tulipoumia. Kuna mtu alikuja wiki ya kwanza, akabadilisha majina yote ya vigezo kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, mafaili zaidi ya sabini katika ombi moja la kuunganisha (yaani kuomba kazi yake iingizwe kwenye programu). Tulipokataa akatuambia hatuna shukrani, akaondoka. Mwingine aliunganisha kazi yake mwenyewe usiku bila kuhakikiwa, asubuhi programu haifunguki.

Basi tukatunga mtihani. Maswali ishirini ya kuchagua (Git, yaani chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, matawi yake, leseni, mambo hayo), halafu fumbo moja la msimbo la saa mbili. Ukipata 15 unaruhusiwa kuchukua tiketi, yaani kazi moja ya kufanya kwenye programu. Tulijiona tumekomaa.

Wawili waliopata alama za juu kuliko wote hawakuwahi kutuma hata mstari mmoja. Mmoja aliniandikia kuuliza cheti kinatoka lini. Nilikaa nikiitazama ile meseji.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja wa Koboko aliyepata 9. Baada ya kuambiwa hakufaulu, alijibu kwa adabu kabisa kwamba ameelewa, ila fumbo letu lina tatizo. Nieleze fumbo lenyewe. Sanduku lina shilingi 3,200,000, hisa zote ni 1,270. Ukigawanya, hisa moja ni 2,519 na ushei. Programu ya fumbo ilikuwa inapandisha hadi 2,520, na 2,520 mara 1,270 ni 3,200,400. Yaani sanduku limepungukiwa 400, na anayeumia ni wa mwisho kwenye foleni. Jibu letu "sahihi" lilikuwa kushusha hadi 2,519, zinabaki 870. Wote waliofaulu waliandika hivyo hivyo, na sisi tukaweka vema.

Dada akauliza: mwenye hisa 37 anapata 93,203. Hiyo shilingi tatu mnampa kwa sarafu gani?

Jamani. Sarafu ndogo ninayoishika mimi sokoni ni ya hamsini. Akaeleza kwamba kwenye kikundi chao, ambako amekuwa katibu miaka sita, wanashusha mpaka 2,500 moja kwa moja. Zinabaki 25,000, zinaanzisha mfuko wa jamii wa mwaka unaofuata, na bibi asiyejua kusoma anaweza kuirudia hesabu yake mwenyewe kichwani kabla hajaondoka. Programu yetu halisi, siyo ya fumbo, ilikuwa inaonyesha 2,519 muda wote huo. Makatibu walikuwa wanaisahihisha kwa kalamu pembeni na hakuna aliyetuambia.

Mtihani wetu ulimpa 9 kwa sababu hajui jina la kila amri ya Git.

Tumefuta maswali yote. Sasa mgeni anapewa ghala la mazoezi: nakala ya programu yenye makosa mawili tuliyoyapanda, pamoja na daftari la kikundi lenye majina ya kubuni. Atafute, arekebishe kosa moja, na lingine alieleze kwa maneno yake, lugha yoyote tunayoielewa. Halafu kazi yake tunairudisha mara moja kwa makusudi, hata kama ni safi, tuone anapokeaje maoni.

Nyie mnafanyaje? Msinionee huruma.

NusuBando, Kampala

Mkuu, umesahau mtihani wa kwanza kabisa: kupakua. Programu ya kuandikia Android yenyewe inapita GB moja. Ukiifungua inavuta maktaba zake, halafu simu ya kuigiza nayo inataka yake. Mgeni wako wa chuo ana bando la siku. Anafeli kabla hajaliona hilo ghala la mazoezi, na wewe unaandika "hakuonyesha nia".

Mwaka 2018 tulikuwa tunalipa 200 kila siku kuingia WhatsApp, na tangu Julai 2021 kodi ya asilimia 12 imekaa kwenye data yenyewe. Halafu mtu wa mradi wa nje anaandika kwenye maelekezo "sanikisha tu mazingira ya kazi, ni dakika kumi". Dakika kumi za nani?

Kwetu tunazungusha flashi. Kila kitu kiko humo: programu, maktaba, ghala zima, na faili moja la maelezo. Siku ya kwanza ya mafunzo hakuna hotuba. Mtu anakaa mpaka programu ijengeke kwenye kompyuta yake bila intaneti, na ikigoma tunakaa naye. Hilo tu. Siku ya kwanza ikiisha vizuri, watu wanarudi. Ikiisha na asilimia 43 ya kupakua, hawarudi.

Na Git yenyewe haihitaji mtandao, watu wanasahau. Januari 2021 intaneti ilipozimwa kuanzia mkesha wa uchaguzi, mimi na jamaa wawili tulikuwa tunatoa viraka (mabadiliko ya msimbo kwenye faili) kwa `git format-patch`, tunaweka kwenye flashi, tunakutana Wandegeya kwenye rolex, chapati ya mayai. Unahakiki msimbo wa mtu huku yai linakaangwa. Sijawahi kupata uhakiki mzuri kama ule, maana mtu yuko mbele yako, huwezi kumwandikia ukali.

Kufuli_Tatu, Arua

Hiyo ya flashi naichukua. Sina utetezi. Darasa letu la mwisho watu kumi na wanne walijiandikisha na watatu tu ndio walioijenga programu. Niliwalaumu wao.

Debiani_Mzee, Jinja

Vijana mnagundua upya gurudumu, lakini si vibaya.

Watu wa Debian, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, wamelijadili hili tangu wengine hapa hamjazaliwa. Mwaka 1999 walifunga mlango kabisa kwa wanachama wapya kwa sababu utaratibu ulikuwa umezidiwa, wakafungua tena 2000 na utaratibu mpya. Mpaka leo mgeni anahitaji mtu wa ndani wa kumdhamini kwa jina, anayesema "nimefanya kazi na huyu". Utambulisho wake unathibitishwa kwa ufunguo wake wa kidijitali, ule wa hadharani, kutiwa saini na watu waliokwisha kuwa ndani, ambao kwa kawaida hukutana naye ana kwa ana. Halafu anapewa msimamizi wa maombi anayemuuliza mambo mawili: je, anaelewa falsafa na taratibu za mradi, na je, anaiweza kazi yenyewe? Maswali hujibiwa kwa maandishi marefu na msimamizi anarudisha maswali juu ya majibu. Mazungumzo hayo yanaweza kuchukua miezi.

Angalieni mpangilio. Mtu anaingia kwenye maswali akiwa tayari ana kazi ya kuonyesha. Nyie mlianza na maswali.

Na tangu 2007 wana daraja la katikati: unaweza kupewa haki ya kupandisha vifurushi vyako tu, bila uanachama kamili. Si kila mgeni anataka funguo za nyumba nzima. Wengine wanataka chumba kimoja wakitunze vizuri.

Mchora_Ramani, Yumbe

Mimi si mtu wa msimbo, natoka upande wa OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, ila mgonjwa ni yule yule.

Tulipokuwa tunachora makazi ya wakimbizi ya Bidibidi kwa picha za satelaiti, wageni waliletwa kwa makumi. Kila mraba wa ramani ukimalizika, mhakiki anaufungua na kuukubali au kuurudisha. Kosa lililotumaliza lilikuwa moja: tukuli. Nyumba ya duara, paa la nyasi. Mgeni wa mbali anaichora kwa pembe nne kwa sababu kwake nyumba ni pembe nne. Wengine walichora vivuli vya miti. Mimi nilikuwa nahakiki, narudisha, narudisha, naandika "si sahihi", na watu wanapotea mmoja mmoja.

Siku moja nikaacha kuandika "si sahihi". Nikaandika: "Hii ni tukuli. Weka nukta kwenye ukingo, kisha bonyeza O, itakuwa duara yenyewe." Binti niliyemwandikia alirekebisha mraba mzima usiku ule, akachukua mwingine. Baadaye akawa mhakiki.

Kwa hiyo mkuu, kabla hujapima mgeni, pima kwanza wahakiki wako wanaandika nini.

Mlinzi_wa_Lango, Entebbe

Mnaongea vizuri sana kuhusu kuwapokea watu. Mimi nataka kutia chumvi.

Mnakumbuka xz, ile programu huria ya kubana mafaili, Machi 2024? Mtu aliyejiita Jia Tan alikuja kama mchangiaji wa kujitolea, mpole, mvumilivu, anatuma viraka vinavyofaa kwa zaidi ya miaka miwili. Mlezi wa mradi alikuwa peke yake na amechoka, na akaunti nyingine zikawa zinamsukuma hadharani aongeze mlezi mwenza. Akamwongeza. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa nyuma ndani, yaani njia ya siri ya kuingilia mashine za watu. Aliyeukamata ni Andres Freund, na alianza kushuku kwa sababu kuingia kwenye mashine kwa SSH kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde, jamani.

Sasa niambieni ni mtihani gani hapa ungemshika Jia Tan. Makosa ya kupanda angeyapata yote. Maoni ya wahakiki angeyapokea kwa tabasamu. Falsafa ya mradi angeiandika vizuri kuliko sisi.

Kufuli_Tatu, Arua

@Mlinzi_wa_Lango hakuna. Na ndiyo maana ya jina langu hapa, wengi huuliza.

Sanduku la kikundi lina kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, na sanduku linakaa kwa mtu wa nne. Hakuna aliyeshika ufunguo kwa sababu amefaulu kitu. Anaweza kuwa mtu mwema kuliko wote kijijini na bado hawezi kulifungua peke yake, na wala hachukii, maana hata mwenyekiti hawezi. Kwetu sasa hakuna kazi inayounganishwa kwenye tawi kuu bila wahakiki wawili, hata ikiwa yangu mimi. Jana nilikuwa nasahihisha herufi moja kwenye maelezo nikasubiri kwa muda wa saa tisa. Nilikasirika, lakini nilisubiri.

Mtihani unamsaidia mgeni aijue kazi. Wizi tuuachie kufuli.

Mla_Rolex, Mbarara

Mimi nimekuja kusoma tu, ila nani anakumbuka Hacktoberfest ya 2020, ile kampeni ya Oktoba ya kuchangia programu huria? Ulikuwa ukituma maombi manne ya kuunganisha unapata fulana. Watu wakaingia kwenye miradi ya watu wakiongeza neno "nzuri sana" kwenye faili la maelezo. Waandaaji wakalazimika kubadilisha kanuni ndani ya mwezi ule ule, ikawa mradi ndio unaoomba kushiriki.

Ninakiri nina ile fulana. Inanibana sasa.

Sindano, Kampala

Kufuli, nimesoma yote na kuna kitu kimenikaa kooni. Umesema kazi ya mgeni mnairudisha mara moja kwa makusudi hata kama ni safi.

Huo ni uongo, kaka. Samahani kwa neno. Mtu amekaa na bando lake, usiku, mtoto amelala, amefanya kazi sawasawa, na wewe unamwambia kuna tatizo ambalo halipo ili uone atakavyonung'unika. Mimi nilifanyiwa hivyo kwenye mradi mmoja sitautaja. Nilitafuta kosa siku tatu. Halikuwepo. Nilipoambiwa "hongera, ilikuwa kipimo cha tabia", nilifunga kompyuta na sijarudi kule mpaka leo. Mliyempoteza hapo ni yule anayeamini neno la mhakiki. Aliyebaki ni yule asiyelijali.

Kufuli_Tatu, Arua

Dada, umenipiga mahali pake.

Nilijitetea moyoni kama robo saa hivi. Halafu nikakumbuka kuna kijana wa Nebbi ambaye tulimrudishia kazi nzuri mwezi wa pili, akajibu "sawa, naangalia", kisha kimya. Sisi tukaandika kwenye orodha: hapokei maoni vizuri.

Nimeliondoa hilo leo. Kila kazi ya kweli ina kitu cha kuuliza bila kutunga uongo: kwa nini umechagua njia hii, ungefanyaje kama kikundi kina watu 30, hili jina la kigezo linamaanisha nini. Swali la kweli linatosha kuonyesha mtu anavyopokea. Na kijana wa Nebbi nimemwandikia kumwomba radhi. Hajajibu, ana haki.

Tiketi_Nyepesi, Mukono

Kwa wanaotaka mfano ulio karibu na nyumbani, tazameni OpenMRS, ule mfumo huria wa rekodi za wagonjwa. Ulianza 2004 na mizizi yake mingine iko Eldoret, na UgandaEMR tunayoiona kwenye vituo vya afya imejengwa juu yake. Wao wana tiketi nyepesi zilizotengwa kwa ajili ya wageni. Na ngazi zao wamezipa majina ya utani ya kikompyuta, kuanzia /dev/null mpaka /dev/5. Unaanza ukiwa si kitu, kila mtu anajua, hakuna aibu.

Kazi ngumu hapo ni kuzuia wenyeji wasile tiketi nyepesi. Mimi mwenyewe nimewahi kuiba moja Ijumaa jioni, kwa sababu ni tamu, unaimaliza kwa dakika tano. Nilikuwa nimemnyang'anya mtu shule.

NusuBando, Kampala

Swali moja hakuna aliyeligusa: akili bandia. Nusu ya maombi ninayopokea sasa yameandikwa na roboti la gumzo. Msimbo safi, maelezo marefu yenye nukta nukta, na ukimuuliza mhusika anakubandikia jibu lingine refu zaidi. Ghala lako la mazoezi roboti litalimaliza kabla chai haijapoa.

Kufuli_Tatu, Arua

Linamaliza, kweli. Tunachofanya ni hiki: mgeni anatuma ujumbe wa sauti wa dakika mbili akieleza kosa la pili kana kwamba anamweleza katibu wa kikundi, siyo mimi. Kiswahili, Kilugbara, Kiingereza, chochote. Sijali kama roboti lilimsaidia kulipata. Nataka kusikia kama anaweza kumwambia mama wa sokoni kwa nini pesa yake imepungua.

Mmoja alinisomea jibu la roboti kwa sauti, pamoja na vichwa vya habari. Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuangalia.

Debiani_Mzee, Jinja

Hiyo ya sauti ni nzuri kuliko nilivyotaka kukubali.

Mgeni_Tororo

Shikamooni. Mimi ni msomaji wa kimya, mwaka wa pili chuoni. Nilipoona uzi huu juzi nililichukua ghala la mazoezi, natumaini si kosa. Naomba kuuliza kitu kabla sijatuma.

Mmesema makosa ni mawili. La hisa nimeliona: anayekosa mkutano anahesabiwa hisa za wiki iliyopita. La faini pia nimeliona, inakatwa mara mbili kwenye mfuko wa jamii. Hilo nimerekebisha.

Sasa hili la tatu sijui kama ni sehemu ya mazoezi. Kwenye daftari kuna mwanachama aliyekopa tarehe 31 Januari. Programu inasema alipe 28 Februari, sawa, mwezi ni mfupi. Lakini inayofuata inasema 28 Machi, halafu 28 Aprili. Nadhani inaongeza mwezi mmoja juu ya tarehe iliyotangulia badala ya kuhesabu kutoka siku ya mkopo, kwa hiyo Februari ikishamkata siku, hazirudi tena. Machi ilitakiwa iwe 31. Akilipa tarehe 30 anaonekana amechelewa na anatozwa faini.

Ujumbe wa sauti nitautuma jioni, hapa kuna kelele za malori.

Kufuli_Tatu, Arua

Marahaba, karibu sana.

Tulipanda mawili. Hilo la tarehe si letu. Nimefungua programu yenyewe sasa hivi, ile iliyo kwenye simu za watu, na limo humo tangu toleo la kwanza.

Tuma ombi la kuunganisha usiku huu, wahakiki watakuwa wawili. Mimi natoka kidogo kwenye uzi. Mama alikopa tarehe 31, na faini kwenye kikundi chao ni 2,000 kila mara.